Mama yangu haamki saa tano

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 15, niko Kidato cha Pili, tunakaa Makorora hapa Tanga. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili miaka yote saba, na kwenye insha nilikuwa sitoki nafasi ya kwanza au ya pili. Hata sasa mwalimu wa Kiswahili anazisoma insha zangu darasani ili wenzangu wasikie. Kiingereza ndicho kinachonishinda.

Wiki mbili zilizopita tuliambiwa tuandike kuhusu kazi ya mzazi. Mama yangu anauza samaki wa kukaanga. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakwenda soko la samaki la Deep Sea boti zikiwa ndiyo zinaingia, ananunua, anarudi, anawatoa magamba, na jioni anakaa na karai lake barabarani mpaka saa tatu usiku. Akilala, bado ana magamba mikononi. Nilitaka watu wajue hayo. Niliandika hivi:

"My mother she is wake up at eleven in the morning. She go to Deep Sea to buy fishes. Yesterday she did not went because he was sick. I am love my mother because she is work hard."

Mwalimu wa Kiingereza aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye "eleven" akasimama, akaniuliza, "Kumbe mama yako analala mpaka saa tano?" Darasa zima likacheka. Tangu siku ile naitwa "Saa Tano". Mama sijamwambia. Kipindi cha Kiingereza nakaa nyuma, sinyooshi mkono.

Halafu kuna jambo la pili. Kaka yangu ameona tangazo la kazi ya mtunza stoo, na barua inatakiwa iwe ya Kiingereza. Akaniomba nimwandikie, kwa kuwa mimi ndiye niliye sekondari. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Barua zinapokelewa mpaka mwisho wa mwezi huu.

Mwalimu, kuna watu hawana kichwa cha lugha? Kama sivyo, nianzie wapi?

Wako,
Mwanafunzi wa Makorora

* * *

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma, nikaiweka mezani, nikairudia. Mtoto anayeweza kuandika "akilala, bado ana magamba mikononi" ana kichwa cha lugha. Tena nakwambia wazi: kusoma kosa la mtoto mbele ya wenzake ili wacheke si kufundisha. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, Muheza na hapa mjini, na sijaona mwanafunzi aliyejua lugha kwa kuchekwa. Wengi nimewaona wakinyamaza, kama ulivyonyamaza wewe.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo palipokuuma.

Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Saa ya kwanza ya mchana ikiisha, tunasema saa moja. Waingereza wanaanza kuhesabu katikati ya usiku, kisha wanaanza tena adhuhuri. Kwa hiyo kati yetu na wao kuna saa sita. Lakini usikae unajumlisha na kutoa ndani ya chumba cha mtihani. Tazama saa ya ukutani. Mama yako anapoamka, mshale mfupi uko kwenye 5. Mwingereza anaisoma namba ile ile ambayo mshale umeielekea: "five o'clock". Sisi tunataja namba iliyo ng'ambo yake, kumi na moja. Basi kila unapotaka kuandika saa kwa Kiingereza, liache neno la Kiswahili, usome mshale. Saa tatu usiku anapofunga biashara, mshale uko kwenye 9: "nine in the evening", au "9 p.m." Kuanzia katikati ya usiku hadi adhuhuri ni "a.m.", kuanzia adhuhuri hadi katikati ya usiku ni "p.m."

Na nikukumbushe jingine la huku kwetu pwani. Wazee wakisema usiku wa Ijumaa, wanamaanisha Alhamisi jua likishazama. Kwa Kiingereza usiku ule ni "Thursday night". Ukiandika "Friday night" umemsogeza mtu siku nzima.

Kwa hiyo hukukosea kuhusu mama yako. Ulitafsiri neno sahihi kutoka saa yetu ukaliweka kwenye saa yao. Na ninataka uone kwamba makosa yako mengine mengi yametoka huko huko. Mengi ya makosa yaliyomo katika ile insha ni kanuni za Kiswahili zinazofanya kazi vizuri, ila zimewekwa mahali pasipo pake. Kiswahili unakijua, basi ndicho kitakachokuonyesha pa kugeukia. Twende neno kwa neno.

Umeandika "My mother she". Umeitoa wapi "she"? Sema kwa Kiswahili: mama yangu a-naamka. Hiyo "a" ya mwanzoni haikwepeki kwetu. Hata mtajwa akiwapo, kitenzi lazima kimbebe tena. Masikio yako yaliisikia ile "a", yakaitafutia neno, yakapata "she". Lakini kitenzi cha Kiingereza hakimbebi mtu. Mtu akishatajwa kwa jina au kwa cheo, basi, pita moja kwa moja kwenye kitenzi: "My mother wakes up". Ukitaka "she", mwondoe "my mother". Wawili hawakai kiti kimoja.

Sasa "is wake". Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote katika madaftari ya Kidato cha Kwanza na cha Pili. Tunasema "anaamka", na hiyo "na" inatutumikia kwa mambo mawili: linalotendeka sasa hivi na linalotendeka kila siku. Mwingereza ameyatenganisha. Lakini usiogope, kwa sababu hata sisi tunayatenganisha tukitaka. Tuna "hu". Mama huamka. Baba huvua. Mvua za masika hunyesha. Hiyo "hu" ndiyo mizani yako. Kila sentensi unayoweza kuisema kwa "hu" bila kubadilisha maana, kitenzi chake cha Kiingereza kinakaa peke yake, bila "am", bila "is", bila "are". Mama huamka: "My mother wakes up." Mimi humsaidia: "I help her." Ikiwa huwezi kutia "hu", kwa sababu jambo linatendeka mbele ya macho yako wakati huu, hapo ndipo hayo maneno madogo yanapokuja, tena yanakuja na "ing" mkiani mwa kitenzi: "My mother is frying fish now."

"Is" na kitenzi kitupu havikutani. "Is wake" haipo. "Am go" haipo. "Is" peke yake ni ile "ni" yetu: mama ni mgonjwa, "my mother is sick", mama ni mchuuzi, "my mother is a trader".

Ulipoandika "I am love" ulikuwa karibu, lakini hata "I am loving" isingefaa. Kupenda, kujua, kutaka, kuamini, kuhitaji: haya ni ya moyoni na kichwani, hayaonekani yakitendeka, na Kiingereza cha shuleni hakiyatii "ing". "I love my mother." Maneno manne, hayahitaji msaada.

Hapo kwenye "wakes" na "goes" kuna ile "s". Wanafunzi huilalamikia kama mzigo. Mimi naona kwamba sisi ndio wenye mzigo. Hesabu: nasoma, wasoma, asoma, twasoma, mwasoma, wasoma. Kitenzi chetu kinabadilika kwa karibu kila mtu anayetajwa, na wewe hukosei hata usingizini. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na viishio vya watu mbalimbali. Vilipukutika karne kwa karne, na katika vitenzi vya kawaida vya wakati uliopo kikabaki kimoja tu, hiyo "s" ya mtu mmoja anayesemwa: "he", "she", "it", au jina lake. Unachotakiwa kukumbuka ni mtu mmoja kati ya sita.

"Did not went". Hapa naomba utulie, kwa sababu ukilielewa hili huliandiki tena maisha yako yote. Sema: mama alikwenda. Sasa kanusha: mama hakwenda. Ile "li" imekwenda wapi? Imeondoka. Hakuna Mswahili anayesema "mama hakulikwenda". Wakati uliopita umeshabebwa na ukanushi, hauhitaji kubebwa mara mbili. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo. "She went", alikwenda. Ukileta "did not", wakati uliopita umehamia kwenye "did", na "went" lazima ivue nguo zake za jana irudi kuwa "go": "She did not go." Katika kuuliza pia: "Did she go?" Kila unapoona "did", kitenzi kinachofuata kiko mikono mitupu.

"Because he was sick". Ulimgeuza mama mwanamume. Sisi tuna "yeye" na "a" kwa wote, na sijui lugha yenye adabu zaidi kwa jambo hili. Kosa hili halitibiwi kwa kanuni maana kanuni unaijua. Linatibiwa kwa kalamu ya risasi. Ukimaliza insha, irudie mara moja ukitafuta "he" na "she" tu, usiangalie kitu kingine. Kila unapoikuta, jiulize ni nani huyu. Kisha irudie mara ya pili ukitafuta "am", "is", "are" tu, uone kila moja imekaa na nani. Mara ya tatu tafuta ile "s". Jicho linalotafuta makosa yote kwa mpigo halioni hata moja.

Na "fishes". Samaki mmoja, samaki kumi, umewahi kusema "masamaki" mbele ya mwalimu wa Kiswahili? Basi "one fish, ten fish". Hapa lugha mbili zimekutana, shukuru upite.

Sasa tuiandike upya: "My mother wakes up at five in the morning. She goes to Deep Sea to buy fish. Yesterday she did not go because she was sick. I love my mother because she works hard."

Sarufi imekaa. Mtihani utakupa alama zako. Lakini bado sijaridhika, na nadhani wewe pia hujaridhika, kwa sababu insha hii sasa inaweza kuwa ya mtoto yeyote na mama yeyote. "She works hard" ni sentensi iliyo katika nusu ya insha zote nilizowahi kusahihisha. Ile uliyoniandikia mimi kwa Kiswahili iko wapi? Hebu tuilete: "At night there are still fish scales on her arms." Maneno kumi, na humo hakuna neno usilolijua isipokuwa labda "scales", magamba. Ifute "works hard" uweke hii. Msomaji ataambiwa na yale magamba kwamba mama anafanya kazi, bila wewe kutamka.

Nakwambia hivi kwa sababu wanafunzi wengi wakiambiwa Kiingereza chao ni dhaifu, hukimbilia kamusi kutafuta maneno makubwa. Wanaandika sentensi ya mistari minne yenye "and" tano na kuipoteza njiani. Fanya kinyume chake. Tia nukta mapema. Sentensi moja, jambo moja. Ukiwa na uhakika na sentensi kumi fupi, una ukurasa.

Ziko "a" na "the", ambazo kwetu hazina ndugu wa moja kwa moja. Sikiliza bibi anavyotoa hadithi: hapo kale palikuwa na sungura mmoja, sungura yule alikuwa mjanja. Anayeletwa kwa mara ya kwanza ni "mmoja", tukishamjua ni "yule". "There was a hare. The hare was clever." Mizani hii haitakufikisha kila mahali, ila itakufikisha mbali. "An" huja mbele ya sauti ya irabu, si herufi: "an hour" kwa sababu "h" haitamkwi, "a university" kwa sababu inaanza kwa sauti ya "yu". Na yako mambo ambayo Mwingereza hayahesabu kama sisi tusivyohesabu maji: "advice", "information", "furniture". Hayapokei "a", hayapokei "s".

Tahajia itakutesa, sikufichi. Sisi tunaandika tunavyotamka. Wao mashine ya kuchapa vitabu ilipofika Uingereza mwaka 1476, tahajia ilianza kuganda taratibu, huku matamshi yakiendelea kubadilika. Ile "k" ya "knife" ilikuwa inatamkwa zamani. Ulimi ukaiacha, karatasi ikabaki nayo. Kwa hiyo usitafute mantiki kila mahali. Neno jipya liandike kwenye kidaftari ndani ya sentensi yako mwenyewe, ya nyumbani kwenu, ulirudie kesho yake.

Aina za insha hazitakusumbua, kwa sababu umeshazifanya kwa Kiswahili. Soma tu kitenzi cha swali. "Narrate" wanataka kisa chenye mwanzo na mwisho. "Describe" wanataka waone na wasikie. "Explain" wanataka jinsi na sababu. "Discuss" wanataka hoja za pande mbili na msimamo wako, kila hoja na aya yake. Na ukiandika "discuss", usiifuatishe na "about".

Tuje kwa kaka, maana mwezi hausubiri.

Barua ya kuomba kazi ina umbo, na umbo lenyewe ni nusu ya kazi. Anwani ya kaka juu upande wa kulia, S.L.P. ikiandikwa "P.O. Box", na tarehe chini yake. Anwani ya anayeandikiwa upande wa kushoto, chini kidogo. Kisha "Dear Sir or Madam," halafu kichwa cha barua kwa herufi kubwa: "APPLICATION FOR THE POST OF STOREKEEPER". Mwishoni "Yours faithfully," sahihi, jina kamili. Kama tangazo limetaja jina la mtu, ukaanza na "Dear" na jina lake la ukoo, basi unamaliza na "Yours sincerely". Hizi mbili hazibadilishani.

Ndani usianze na salamu. Najua inauma, sisi hatumwingilii mtu bila hodi, na barua yako kwangu ilianza kwa shikamoo kama inavyopasa. Barua ya kiofisi ya Kiingereza haioni utovu wa adabu kuanza na shida yenyewe: "I am writing to apply for the post of storekeeper, which I saw advertised this month." Ile "Please refer to the heading above" iliyozoeleka maofisini mimi siipendi. Kichwa kiko hapo hapo juu, msomaji ameshakiona. Aya ya pili, kaka ameshafanya kazi gani, wapi, miaka mingapi, na ana cheti gani. Hapa kila kitu kilichokwisha ni wakati uliopita: "I worked", "I kept", "I counted". Kinachoendelea mpaka leo ni ile "me" yetu yenye muda ndani yake: nimefanya kazi hapo tangu mwaka juzi, "I have worked there since" na mwaka wenyewe. Ila usiweke "have" pamoja na "yesterday" au "last year". Aya ya tatu, lini anaweza kuanza na anapatikana kwa namba gani. Ukurasa mmoja, usizidi.

Mketishe kaka jioni, mama akiwa barabarani na karai. Mwulize kwa Kiswahili, andika majibu yake kwa Kiswahili, sentensi fupi fupi. Kisha zigeuze moja moja kwa njia tuliyoipita hapa. Ukikwama neno, kamusi iko maktaba ya mkoa mjini, waulize wakupe. Ukimaliza, irudie mara zako tatu kwa kalamu ya risasi.

Halafu nitumie nakala kabla hajaipeleka, nitaisoma siku hiyo hiyo. Na ile insha ya mama, iandike upya pamoja na sentensi ya magamba, msomee mama mwenyewe kwanza, umwambie kwa Kiswahili kila mstari una maana gani. Anastahili kujua kwamba umeandika anaamka saa kumi na moja.